Nyama Changa Katika Kidonda cha Punda

Wafugaji wa Monduli na viunga vya Arusha wanaobebesha punda maji na mahindi hukutana mara kwa mara na kidonda cha mgongoni, pale kamba au shogi la kubebea mizigo linaposugua ngozi hadi ikachubuka. Takriban siku ya tatu hadi ya tano, vishipa vyembamba vya damu huanza kuchipuka kutoka kwenye nyama nzima iliyo chini na kandokando ya kidonda, vikipeleka oksijeni na lishe kwa seli zinazotengeneza kolajeni, yaani nyuzi zinazoipa nyama mpya uimara. Sakafu ya kidonda huwa nyekundu, yenye unyevunyevu na chembechembe kama za tunda la forosadi; hiyo ndiyo nyama changa. Wengi huiona rangi hiyo wakadhani kidonda kimeharibika, wakakisugua mpaka kitoke damu. Kumbe damu hiyo inatoka katika vishipa vilevile vilivyokuwa vikiponya.

Kwa sababu hiyo tunasihi sana kwamba oili chafu, majivu na spiriti visipakwe juu ya nyama changa. Osha taratibu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye gramu 9 za chumvi kwa kila lita, kiasi cha kijiko cha chai kimoja na nusu. Kitambaa kilichogandia kidondani kiloweshwe kwanza kwa maji hayo kabla ya kubanduliwa. Usaha wenye harufu au funza ni dalili za kumwita daktari wa mifugo.

Kidonda cha mguuni, chini ya goti, kina tabia yake. Hapo nyama changa ya punda huweza kuota kupita kiasi hadi ikapanda juu ya usawa wa ngozi, na ngozi mpya ikashindwa kuivuka. Wapo wanaoichoma kwa mrututu, yaani salfeti ya shaba, nao huunguza pia ukingo ambao ngozi mpya ingeanzia. Nyama hiyo haina neva, hivyo daktari huipunguza bila kumuumiza mnyama, lakini kwa wingi wa vishipa vyake hutoa damu nyingi; mfugaji asijaribu mwenyewe kwa kisu. Muulize pia daktari kuhusu chanjo ya pepopunda, kwani punda hupatwa nayo kwa urahisi hata kwa kidonda kidogo.

Punda mwenye kidonda cha mgongoni asibebeshwe mzigo mpaka ngozi ifunge kabisa, na shogi litandikiwe blanketi nene, safi na kavu kabla ya kurudishwa mgongoni.