Doom kwenye kompyuta ya leo: anza na ramani, injini ifuate

Anayetaka kucheza Doom leo, gemu ya zamani ya kupiga risasi mashetani, hukutana na majina ya injini (programu zinazoiendesha gemu) mpaka kichwa kizunguke: Chocolate Doom, Crispy Doom, Woof!, DSDA-Doom, GZDoom na mengine kibao. Wengi huchukua lile linalosifiwa zaidi, kisha wanashangaa ramani fulani (yaani uwanja wa kuchezea) haifunguki, au inafunguka lakini mlango mmoja umegoma katikati ya safari. Mimi huanzia upande wa pili. Naamua kwanza nataka kucheza nini, halafu ramani yenyewe ndiyo inaniambia injini ipi inafaa.

Hilo linawezekana kwa sababu ya jinsi gemu hii ilivyojengwa. id Software walipoitoa Desemba 1993, ramani, picha, sauti na mashetani wote waliwekwa ndani ya faili moja ya aina ya WAD. Injini ikawa programu ya pembeni inayoisoma faili hiyo. Desemba 1997 wakaachia msimbo chanzo wa injini (maandishi ya programu yenyewe), na tangu hapo watu wameitengeneza upya kwa namna nyingi. Injini hizo unapakua bure. WAD bado ni mali inayouzwa, na unatakiwa uwe nayo kihalali.

Hatua ya 1: Pata WAD sahihi

Doom ya kwanza inatumia DOOM.WAD, ya pili DOOM2.WAD. Ukishainunua kwenye maduka ya mtandaoni ya Steam au GOG, tafuta faili hizo ndani ya folda ya gemu na uzinakili mahali pako. Kabla ya kwenda mbele, angalia ukubwa wake. DOOM2.WAD ya toleo 1.9, ambayo ramani nyingi za mashabiki zimejengwa juu yake, ina baiti 14,604,584. DOOM.WAD ya The Ultimate Doom, yenye sehemu nne, ina baiti 12,408,292. Namba ikiwa tofauti, una toleo la zamani zaidi au lililotolewa upya baadaye. Huenda likacheza bila shida, ila ramani ikianza vituko, anza kuchunguza hapo.

Kama huna hela ya kununua, ipo DOOM1.WAD ya majaribio, baiti 4,196,020, yenye sehemu yote ya kwanza na ramani zake tisa, na inagawiwa bure kihalali. Ipo pia Freedoom, kazi ya watu wa kujitolea waliochora na kutunga kila kitu upya. Ramani nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Doom II hufunguka kwa freedoom2.wad. Kwa mwenye bando dogo huu ni mwanzo mzuri sana.

Hatua ya 2: Soma maandishi yaliyokuja na ramani

Uamuzi wote uko hapa, na ndipo watu wanaporuka. Ramani ya mashabiki ukiipakua, karibu kila mara utakuta ndani yake faili ya .txt. Ifungue, shuka mpaka mstari ulioandikwa "Advanced engine needed". Neno lililo mbele ya mstari huo ndilo jibu lako.

Ukikuta "None" au "vanilla", ramani inatosha kwenye injini ya asili, na Chocolate Doom ndiyo inayoiiga injini hiyo kwa uaminifu kuliko zote. Inahifadhi hata mipaka yake. Kwa mfano, injini ya 1993 inaweza kushughulikia vipande 128 tu vya sakafu na dari vinavyoonekana kwa wakati mmoja. Ukisimama mahali panapozidisha idadi hiyo, gemu inakatika na kukuachia ujumbe "R_FindPlane: no more visplanes". Anayetengeneza ramani za mtindo wa zamani anaihitaji Chocolate Doom kwa sababu hiyohiyo: inamwonyesha pale alipovuka mpaka.

Ukikuta "limit-removing", chukua Crispy Doom. Tabia za gemu zinabaki zilezile, mipaka inaondolewa, na picha inapanda kutoka 320 kwa 200 hadi 640 kwa 400. Mtu anayecheza Doom kwa mara ya kwanza maishani mwake nampa hii bila kusita.

"Boom", "MBF" na "MBF21" ni familia moja ya nyongeza juu ya injini ya asili. Boom ilitoka kwa kikundi cha TeamTNT mwaka 1998, ikaongeza sakafu zinazosogea kama mkanda wa kiwandani, maji yenye kina na milango ya aina nyingi. Ukiifungua ramani ya namna hiyo kwa Crispy Doom, ule mlango uliogoma ndio huu: injini haielewi amri iliyopewa. Tumia Woof! au DSDA-Doom. Woof! ina menyu rahisi na inafaa kucheza kila siku. DSDA-Doom inapendwa na wanaoshindana kwa muda, kwa kuwa inarekodi na kurudia demo (rekodi za mchezo wa mtu) kwa usahihi.

Ukikuta "UDMF" (muundo mpya wa faili za ramani) au "GZDoom", hapo huna budi kutumia GZDoom yenyewe, au UZDoom, tawi lililochipuka kutoka kwake mwaka 2025. Sakafu zenye mteremko, taa za rangi zinazotembea, silaha mpya kabisa na hadithi zinazoendeshwa kwa skripti viko upande huu. (DSDA-Doom inasoma baadhi ya ramani za UDMF, ila si zote.)

Utaambiwa GZDoom inafungua karibu kila kitu, basi kwa nini usumbuke? Kwa sababu kufunguka ni jambo moja, na kucheza kama mtengenezaji alivyokusudia ni jambo lingine. Doom ya asili haina kuruka wala kutazama juu. Kwenye GZDoom mambo hayo yapo, na ukiruka dirisha ambalo mwenye ramani alitaka ulitazame tu, umeshapita ufunguo, umepita na vita aliyokuandalia. Giza nalo linabadilika: chumba kilichotengenezwa kikutishe kinaweza kuonekana cha kawaida. Ukiitumia kwa ramani za zamani, zima kuruka na kuchuchumaa kwenye mipangilio.

Hatua ya 3: Angalia mashine uliyonayo

GZDoom ya sasa inakwenda vizuri zaidi kwenye kadi ya michoro inayokubali OpenGL 3.3 au Vulkan, njia ambazo programu hutumia kuiamuru kadi hiyo ichore. Laptop nyingi za mtumba za zamani hazifiki hapo. Crispy Doom na Woof! huchora kwa kutumia prosesa, kwa hiyo zinakwenda vizuri hata kwenye mashine chovu. Ramani zenye umati wa mashetani ni habari nyingine: NUTS.WAD ina zaidi ya 10,000, na hapo DSDA-Doom inaiacha GZDoom mbali sana. Kwenye simu ya Android ipo Delta Touch, programu ya kulipia iliyobeba injini kadhaa kwa pamoja.

Hatua ya 4: Fungua ramani

Weka WAD kuu kwenye folda moja na injini, kisha iburute faili ya ramani uidondoshe juu ya programu. Ukitaka udhibiti zaidi, tumia mstari wa amri (dirisha la kuandikia amri):

dsda-doom -iwad doom2.wad -file sunlust.wad -complevel 9 -skill 4 -warp 1

-skill ni ugumu na -warp ni namba ya ramani ya kuanzia. Sehemu muhimu ni -complevel, inayoiambia injini ifuate tabia za zama zipi. 2 ni Doom II, 3 ni The Ultimate Doom, 4 ni Final Doom, 9 ni Boom, 11 ni MBF, 21 ni MBF21. Sunlust ni ramani za Boom, ndiyo maana nimeweka 9.

Hatua ya 5: Mipangilio michache

Washa urekebishaji wa uwiano wa skrini. Gemu ilichorwa kwa skrini ya 4:3, bila hivyo kila shetani anaonekana mfupi na mnene. Ruhusu fremu zizidi 35 kwa sekunde, macho yatakushukuru. Mhusika akisogea mbele kila unaposukuma kipanya, zima mwendo wa wima wa kipanya. Picha zikiwa na ukungu, zima uchujaji wa taswira.

Kwa gemu nyingine za rika hilo njia ni ileile. Quake inahitaji pak0.pak na pak1.pak ndani ya folda ya id1. Tumia QuakeSpasm, au Ironwail kwa ramani kubwa za siku hizi. Duke Nukem 3D inahitaji DUKE3D.GRP na EDuke32. Blood ni ya kipekee: msimbo wake chanzo haukuwahi kutolewa, kwa hiyo NBlood ilijengwa kwa kuichambua programu yenyewe, na kwa Blood naanza na hiyo kabla ya Raze, injini nyingine inayoifungua.