SOMO: Jinsi ya kutoa picha mnato kwenye kamera inayorusha laivu ili AI izisome vizuri

Wakuu habari za jioni. Tuna shamba la zabibu huku Hombolo, Dodoma, na zabibu zikianza kuiva ndege wanashuka makundi kwa makundi, ukichelewa kidogo unakuta vichala vyote vimedonolewa. Nikafunga kamera ya IP (inayotuma video kwa mtandao) kwenye nguzo ili laptopu iwe inachukua picha, AI ikiona ndege simu inapiga kengele. Kilichonitesa wiki tatu sio AI wakuu, ni picha nilizokuwa naipa. Na huku tunavuna mara mbili tu kwa mwaka, ukikosea msimu ndo umeenda, ndo maana naandika kwa urefu.

Kwanza muelewe, AI nyingi za kutambua vitu zinasoma picha moja moja. Kamera inatoa fremu, yaani picha moja moja zinazounda video, 15 mpaka 25 kwa sekunde, ukizimwaga zote mashine inalemewa bure maana fremu zilizofuatana zinafanana tu.

Hatua ya 1: tafuta anwani ya kamera yako inayoanza na rtsp://, ipo kwenye mipangilio au kwenye kitabu chake. Ifungue kwanza kwenye VLC (programu ya kuangalia video), isipoonyesha usiendelee, rudi kaangalie mtandao na nywila.

Hatua ya 2: weka ffmpeg, programu ya bure ya kuchakata video, alafu kwenye dirisha la amri la laptopu andika:

ffmpeg -rtsp_transport tcp -i "rtsp://anwani-yako" -vf fps=1/10 -q:v 3 picha_%05d.jpg

Hiyo fps=1/10 ni picha moja kila sekunde 10. Namba ya q:v ikiwa ndogo picha inakuwa safi na faili linakuwa kubwa. Neno tcp msilitoe jamani, mi bila hilo waifai ikiyumba tu picha zilikuwa zinatoka na ukijivu unachuruzika nusu ya chini, majani kama yameyeyuka, na AI inaniambia pale kuna ndege.

Hatua ya 3 ni kwa wanaoandika kodi wenyewe kwa Python na OpenCV (maktaba ya kodi za kusoma picha na video), na hapa ndo pa kutulia. Asubuhi moja simu ikapiga kelele, nikakimbia mpaka safu ya tatu, hakuna ndege hata mmoja, kichala kimoja kinadondosha maji. Nikafungua ile picha, saa ya kamera kwenye kona inasoma 07:14:05, saa ya faili 07:14:52. Sekunde 47! Shida ni kwamba fremu zinapanga foleni, we ukichukua moja kila baada ya muda unapewa iliyo mbele ya foleni, sio iliyoingia sasa hivi, na foleni inazidi kurefuka. Dawa yake ni tredi ya pembeni, yaani sehemu ya programu inayokimbia sambamba na nyingine, ambayo kazi yake ni kusoma fremu zote bila kupumzika, inatupa za zamani na kubakiza ya mwisho tu, AI ikihitaji inachukua hiyo. Tangu hapo kila asubuhi nalinganisha zile saa mbili kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 4, picha kuwa na ukungu. Upepo wa Dodoma mnaujua, na ndege akiruka picha inamuonyesha kama mstari wa kahawia. Ingia kwenye kamera weka spidi ya shata (muda kamera inaotumia kunasa picha moja) 1/250 ya sekunde au haraka zaidi mchana, jua la huku linatosha kabisa. Alafu chukua fremu tano za sekunde moja, pima kila moja kwa cv2.Laplacian(picha, cv2.CV_64F).var(), yenye namba kubwa ndo kali kuliko wenzake, ipeleke hiyo. Na futeni kioo, vumbi letu halina huruma.

Hatua ya 5: modeli nyingi (modeli ndo hiyo AI yenyewe iliyofundishwa) zinapunguza picha mpaka upana wa pikseli 640. Ndege mwenye upana wa pikseli 30 kwenye picha ya 1920 anabaki na 10, AI haimuoni. Kata picha vipande, peleka kipande kimoja kimoja.

MASWALI

Mkuu, bando si litaisha?
Modeli ikikaa kwenye laptopu hapo hapo shambani bando haliguswi. Ukituma nje, picha ya KB 200 kila sekunde 10 ni picha 8,640 kwa siku, karibu GB 1.7. Linganisha kwanza na picha iliyopita, kama hakuna kilichobadilika usitume.

Kaka mi sina kamera, nina simu ya zamani tu.
Inafaa dada. Kuna programu ya Android inaitwa IP Webcam, inakupa anwani inayoishia na /shot.jpg, ukiifungua unapata picha moja ya muda huo. Iweke kivulini, simu ikichemka inajizima.

Yangu inaona mpaka njia ya watu wanaopita, kuna shida?
Igeuze au ziba hicho kipande kabla ya kuhifadhi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu ni taarifa yake.

Usiku je?
Kamera ikiwasha taa zake za infraredi picha inakuwa nyeusi na nyeupe, modeli iliyofundishwa kwa picha za rangi inapotea sana. Kusanya picha zako za usiku kama mia kadhaa uifundishe upya. Mi bado sijafanya, ndege wangu wanalala saa 12 jioni.