Namna ya Kuandaa Jioni ya Filamu za Zamani Mtwara

Kijana wa Mtwara aliyezoea filamu za kibanda umiza husubiri risasi ya kwanza ndani ya dakika chache, na ukimwekea filamu ya mwaka 1954 isiyo na rangi bila kumwandaa, atatoka nje kabla hadithi haijamshika. Lawama hapo si yake wala si ya filamu. Filamu hizo zilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekata tiketi, akaketi gizani, na hakuwa na simu mkononi wala pengine pa kuelekeza macho. Mwongozo huu ni wa mwalimu, kiongozi wa kikundi cha vijana au mwenye banda anayeamini, kama ninavyoamini mimi, kwamba filamu bora za zamani bado zinamshika mtazamaji kwa nguvu kuliko nyingi za leo, na anayetaka majirani zake wazione kama zinavyostahili kuonwa.

Jambo la kwanza ni kuepuka ubishi wa jumla wa zamani dhidi ya sasa. Ubishi huo hauna haki, kwa sababu filamu za zamani tunazozijua zimekwisha kupita kwenye chujio la miaka mingi, ilhali za mwaka huu zinatufikia zote pamoja, nzuri na mbaya. Miaka ya 1950 nayo ilikuwa na filamu mbovu, zimesahauliwa tu. Chagua badala yake hadithi moja iliyosimuliwa katika vipindi tofauti, uwaache watazamaji walinganishe kwa macho yao wenyewe.

Hadithi ninayoipendekeza ni ya kijiji kinachokodi wapiganaji ili kijilinde. Akira Kurosawa aliitengeneza Japani mwaka 1954 kwa jina la Seven Samurai, yaani samurai saba, na samurai ni wapiganaji wa upanga wa Japani ya zamani. Mwaka 1960 John Sturges aliihamishia kwenye kijiji cha Mexico katika The Magnificent Seven, na mwaka 2016 Antoine Fuqua akaitengeneza upya, Denzel Washington akiwa steringi. Katikati ya hizo ipo Sholay ya Ramesh Sippy, ya mwaka 1975, ambayo ilichukua wazo hilo la watu wa kukodiwa na kulifanya la Kihindi kabisa. Wapenzi wa filamu za Kihindi ni wengi katika miji ya pwani, kwa hiyo Sholay ndiyo daraja la kuanzia kabla ya kufika Japani.

Wakati mzuri wa kuionyesha Seven Samurai katika mikoa yetu ni baada ya msimu wa korosho, na sina maana ya fedha za kiingilio peke yake. Filamu inaanza na majambazi walio juu ya kilima wakikubaliana kuahirisha uvamizi mpaka shayiri ivunwe, huku mkulima mmoja akiwasikia. Mtu wa Newala au Tandahimba haelezwi maana ya kuvuna huku ukijua kwamba kuna mwingine anayeyahesabu mavuno yako. Baadaye wakulima hao wanakula mtama ili samurai wapate wali. Waambie watazamaji mapema waliangalie jambo hilo, kwa sababu kamera haiwaambii walie. Inawaonyesha bakuli tu na kuendelea.

Hapo ndipo tofauti na filamu ya mwaka 2016 inapoonekana wazi. Katika ile mpya, adui ni tajiri wa mgodi mwenye jina na hotuba, naye anaua watu mwanzoni kabisa ili tumchukie upesi. Katika ile ya Kurosawa majambazi hatuwajui sana. Tunaowajua ni wakulima, tena kwa aibu zao: wamewahi kuwaua samurai waliokuwa wakikimbia vita na kuficha silaha zao. Samurai wanapogundua na kukasirika, mmoja wa wale saba, Kikuchiyo, anayeigizwa na Toshiro Mifune, anawageukia wenzake na kuwaeleza kwamba wakulima ni wajanja na waongo kweli, lakini waliowafanya wawe hivyo ni samurai wenyewe kwa kuwachomea vijiji na kuwanyang'anya chakula. Kwa maoni yangu hii ndiyo dakika inayobeba filamu nzima. Usiruhusu mtu aipite kwa kupeleka mbele, na ikibidi simamisha filamu baada yake, uwaulize watazamaji sasa wako upande wa nani.

Waandae pia kwa vifo. Msemo wa vibanda vyetu kwamba steringi hafi hautumiki hapa: samurai wanne kati ya saba wanakufa, na wote wanauawa kwa bunduki, wala hakuna hata mmoja anayeshindwa kwa upanga. Waambie tu kwamba wapo watakaokufa, ila usitaje kabla ni wangapi wala kwa silaha gani. Waulize baada ya filamu kwa nini mwongozaji aliamua hivyo, nawe utasikia wazee na vijana wakizungumza juu ya ujuzi wa mikono unaoshindwa na mashine, jambo ambalo kila fundi analijua.

Kuhusu mwendo, uwe mkweli. David Bordwell, mtafiti wa filamu wa Marekani, alionyesha kwamba kati ya mwaka 1930 na 1960 picha moja katika filamu za Hollywood ilidumu kwa wastani wa sekunde 8 hadi 11 kabla ya kukatwa, na kwamba kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 wastani huo ulikuwa umeshuka hadi sekunde 3 hadi 6. Jicho la leo limelelewa na kasi hiyo. Anza basi na zoezi fupi: onyesha tukio la Sholay ambapo Jai, yaani Amitabh Bachchan, anapiga kinanda cha mdomo usiku huku mjane Radha akizima taa moja baada ya nyingine. Hakuna anayesema neno, na mapenzi yote ya wawili hao yako pale. Waombe watazamaji wakae kimya mpaka mwisho wa tukio, kisha waeleze walichokiona. Mtu akishagundua kwamba utulivu ule ulikuwa unamwambia jambo, saa tatu na dakika 27 za Seven Samurai hazitamwogopesha. Zaidi ya hayo, filamu hiyo ina mapumziko yake katikati, na inafaa kuyaheshimu kwa chai na mihogo.

Lugha ni kikwazo kikubwa zaidi, kwa kuwa maandishi ya tafsiri mara nyingi ni ya Kiingereza. Tumia msimulizi, kama vibanda vyetu vinavyofanya, lakini mpe masharti: aeleze maneno yanayosemwa, asijaze kimya kwa maneno yake, na anyamaze kabisa wakati wa mapigano ya mwisho kwenye mvua, ambayo Kurosawa aliyapiga kwa kamera kadhaa kwa wakati mmoja. Kazi ya msimulizi isidharauliwe. Japani ya enzi za filamu bila sauti ilikuwa na wasimulizi mashuhuri walioitwa benshi, na kaka yake Kurosawa, Heigo, alikuwa mmoja wao. Ukikosa msimulizi mzuri, onyesha kwanza Modern Times ya Charlie Chaplin ya mwaka 1936, kwa sababu mashine inayomlisha mfanyakazi kwa nguvu haihitaji mkalimani.

Vifaa si vingi: projekta au runinga kubwa, shuka jeupe lililovutwa likanyooka, spika moja iliyowekwa karibu na skrini kwa kuwa sauti ya filamu nyingi za zamani ilirekodiwa kwa njia moja tu, si ya kulia na kushoto, na jenereta au betri kwa ajili ya umeme kukatika. Mipangilio ndiyo inayoharibu kazi. Filamu nyingi za kabla ya katikati ya miaka ya 1950 zina umbo linalokaribia mraba, hivyo acha weusi ubaki pembeni. Ukivuta picha ijaze skrini, waigizaji wote watanenepa. Zima pia kile kipengele cha runinga mpya kinacholainisha mwendo, kwa maana filamu ilipigwa picha 24 kwa sekunde, na runinga ikiongeza nyingine za kubuni, uzito wa mwendo unapotea.

Kabla ya kubandika tangazo, nenda kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yako. Maonyesho ya hadhara yanaangukia chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na mwenye haki ya filamu naye anahitaji kuombwa ruhusa, hasa kama kuna kiingilio.

Ratiba ninayoipendelea ni ya jioni tatu, wiki moja moja: Sholay kwanza, Seven Samurai ya pili, na ya mwaka 2016 mwisho. Wengi hutarajia kuanza na mpya ili kuvuta watu, lakini ikitangulia, hizo nyingine zitaonekana zimechelewa. Ikija mwisho, watazamaji wataisifu kwa haki pale inapostahili, kwenye sauti yake, farasi wake na mapigano yake, na watatambua wenyewe mahali ilipokimbia kitu ambacho wenzake walikaa nacho. Usipange siku ya mechi ya Simba na Yanga, na katika mwezi wa Ramadhani subiri watu watoke tarawehe. Baada ya filamu ya tatu usikusanye viti haraka. Waulize watazamaji wangekata tukio gani katika kila filamu na kwa nini, na uandike majibu yao, kwani ndiyo yatakayokuongoza kuchagua filamu za mzunguko unaofuata.