Jinsi ya Kufuatilia Asili ya Neno: Meza na Ukoo Wake wa Kilatini

Mwanafunzi wa isimu aliyeko Dodoma hana haja ya kwenda mbali kutafuta neno la kujifunzia kazi hii. Katika Soko la Majengo kila mchuuzi ana meza yake, na neno hilo asili yake ni Kilatini, mensa. Utaratibu ninaoueleza hapa unafaa pia kwa kasha, leso na mvinyo.

Anza kwa kurudi nyuma hatua moja tu, yaani kwenye lugha iliyotupatia neno, kabla ya kukimbilia Roma. Meza tumeipokea kutoka Kireno, mesa, ambayo Wareno huitamka kwa sauti ya z kwa sababu s yao ikiwa kati ya irabu mbili hulainika hivyo. Kisha uliza kama historia inaruhusu: Vasco da Gama alifika pwani yetu mwaka 1498, na Wareno walishikilia Ngome ya Yesu ya Mombasa hadi mwaka 1698, muda unaotosha kabisa neno kuota mizizi. Huku Ugogo lilikuja ndani ya Kiswahili chenyewe, kwa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora.

Hatua inayofuata ndiyo yenye uzito, nayo ni kupanga maneno ya lugha ndugu, yaani zilizozaliwa na Kilatini kama Kireno, na kuyakagua sauti kwa sauti. Kihispania kina mesa na Kiromania kina masă, na kote n ya Kilatini imepotea. Usiridhike na mfano mmoja. Tafuta maneno mengine yenye n iliyotangulia s. Mensis, yaani mwezi, limekuwa mese kwa Kiitaliano na mes kwa Kihispania, na sponsa, yaani mchumba, limekuwa sposa na esposa. Mabadiliko yakijirudia namna hii, ni kanuni, wala si bahati. Hata orodha ya kale iitwayo Appendix Probi, iliyowasahihisha watu matamshi, inaagiza waseme mensa, si mesa, na kwa maoni yangu hakuna ushahidi mzuri kuliko karipio la mwalimu, kwa kuwa hakuna anayekataza kosa lisilotendwa.

Sasa utaona kwamba Kiitaliano na Kijerumani vina mensa yenye n yake kamili, kwa maana ya bwalo la chakula, hasa la wanafunzi. Hilo ni neno lililochukuliwa baadaye kutoka vitabuni, na kwa hiyo halikupita katika vinywa vya wazee wa lugha. Kwa meza ya kawaida Waitaliano husema tavola na Wafaransa table, yote kutoka tabula, ubao.

Ukishathibitisha umbo, ndipo uifuate maana, ambayo hutangatanga zaidi. Kiairishi kililichukua neno kikalifanya mias, sahani. Kwa Waromania masă ni meza na pia mlo wenyewe. Sobremesa kwa Mreno ni kitamutamu cha baada ya chakula, ilhali kwa Mhispania ni mazungumzo ya mezani watu wakishashiba. Roma ya kale nayo ilimwita mwenye benki mensarius kwa sababu ya meza ya fedha, jambo ambalo mchuuzi wa Majengo anayelipia meza yake angelielewa bila maelezo.

Mwisho, jihadhari na mfanano. Kitenzi kumeza hakina udugu wowote na meza hii, hata kama chakula huliwa mezani. Hicho ni cha Kibantu, na utakikuta kwa Waganda kama okumira na kwa Wanyarwanda kama kumira, mbali na pwani ya Wareno. Anayedai kwamba meza imetokana na kumeza atalazimika kueleza mesa ya Wahispania na masă ya Waromania, ambao Kibantu hawakukijua.