Kupanga Elementi za Safu kwa Njia ya Kupachika

Miongoni mwa algoriti (yaani taratibu za hatua kwa hatua) za upangaji, ile ya kupachika ndiyo ninayomshauri anayeanza, kwa kuwa hatua zake zote zaweza kufuatwa kwa kalamu na karatasi kabla ya kuandika programu. Chukua safu ya namba 7, 3, 9, 1, 4, ambayo tunataka ianze na iliyo ndogo kuliko zote na kuishia na iliyo kubwa kuliko zote.

Ihesabu 7 kuwa sehemu iliyokwisha kupangwa, kisha uanze kazi kwenye elementi ya pili. Nakili 3 katika kigeu cha pembeni, yaani mahali pa kuhifadhi thamani kwa muda, uilinganishe na 7, na kwa kuwa 7 ni kubwa zaidi, isogeze nafasi moja kulia, ndipo uipachike 3 mahali palipoachwa. Safu sasa inasomeka 3, 7, 9, 1, 4. Zamu ya 9 haina kazi, maana jirani yake wa kushoto ni mdogo. Inapofika zamu ya 1, husogezwa 9, kisha 7, kisha 3, na hapa ndipo faida ya kigeu cha pembeni inapodhihirika: 9 inaposogea huandikwa juu ya 1, na kama hukuinakili mapema, imepotea kabisa. Mwishowe 4 huzipita 9 na 7, ikakoma kulia kwa 3, tukapata 1, 3, 4, 7, 9.

Unapoandika kitanzi cha kusogeza (sehemu ya programu inayorudiwa) katika lugha inayohesabu nafasi kuanzia 0, hakikisha kwanza kwamba fahirisi, yaani namba ya nafasi, haijashuka chini ya 0, ndipo ulinganishe thamani. Ukiyageuza masharti hayo, programu itajaribu kusoma elementi isiyokuwapo. Tena, sogeza iliyo kubwa zaidi tu, kamwe usisogeze iliyo sawa, ili elementi zenye thamani moja zibaki katika mfuatano wake wa awali. Sharti hili dogo hupuuzwa mno, ilhali ndilo linaloiwezesha orodha iliyopangwa kwa majina, kisha ikapangwa kwa umri, kubaki na mfuatano wa majina miongoni mwa wenye umri mmoja.

Kuhusu kasi, safu ya elementi 1,000 iliyokwisha kupangwa huhitaji milinganisho 999, lakini iliyopangwa kinyume huhitaji 499,500. Kwa safu ndefu iliyovurugika, tumia algoriti ya kuunganisha, ambayo huigawa safu nusu kwa nusu, huzipanga nusu hizo, kisha huziunganisha.