Mahindi ya Moto Hayafungwi Guniani

Gunia lilikuwa limesimama juu ya chaga, ghala ni kavu na paa halina tundu hata moja. Nilipolifungua, nikakuta punje za mdomoni zimeshikana zikawa bonge moja. Nikalivunja kwa vidole. Ndani yake kulikuwa na ukungu wa kijani uliochanganyika na kijivu, punje chache zilishatoa vimizizi, na vumbi lake likanipanda puani. Nikazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Chini kidogo ya lile bonge palikuwa na vuguvugu, na chini zaidi mahindi makavu, mazuri, yanateleza kiganjani. Mwenye mali akaniambia, "Bwana shamba, haya nimeyaanika siku nne. Siku ya kuyafunga yalikuwa yanachoma mkono."

Alisema hivyo kujitetea, na kumbe alikuwa ananitajia kosa lenyewe.

Kosa hili nalikuta kila msimu, tena kwa wakulima hodari: wanaovuna kwa wakati, wanaoanika juu ya turubai safi, wanaopanga magunia mbali na ukuta. Hayo mnayajua na sitayarudia. Nataka tuzungumzie saa chache tu, zile zinazoanza pale mahindi yanapotoka juani hadi uzi unapopita kwenye mdomo wa gunia. Katika saa hizo mtu hupoteza kazi ya miezi.

Anza na hili la "yanachoma mkono, basi yamekauka". Joto la punje na ukavu wa punje ni vitu viwili. Maji yanapogeuka mvuke hufyonza nishati nyingi mno, karibu kilojuli 2,430 kwa kila kilo moja ya maji katika nyuzijoto 30, na nishati hiyo haipandishi kipimajoto hata kidogo. Inajificha ndani ya mvuke na kuondoka nao. Ndiyo maana mahindi mabichi juani hubaki ya baridi kwa muda mrefu, maana jua linalipia maji yatoke. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20, ukitaka kuyashusha hadi asilimia 13, lazima yaachie maji kilo 8. Hesabu yake ni kama kilojuli 19,500. Lakini kuzipasha moto hizohizo kilo 100 kutoka nyuzi 28 hadi nyuzi 45 ni kilojuli 3,400 tu, kwa sababu kilo moja ya mahindi hudai karibu kilojuli 2 kupanda nyuzi moja. Sehemu kubwa ya kazi ya jua mkono wako hauioni. Unachokisikia kiganjani ni kile kidogo kilichobaki.

Punje nayo ina nje na ndani. Ganda hukauka kwanza na kupata moto kwanza, huku maji ya kwenye kiini yakihitaji saa kadhaa kusogea hadi nje. Ukipima kwa kipima unyevu saa nane mchana, punje zikiwa bado na moto wa jua, usikiamini kile kipimo. Vipimo vya umeme hudanganywa na joto, na ganda kavu huvidanganya zaidi. Nimeshaona mtu anashangilia asilimia 12.5 mchana, kesho yake asubuhi mahindi yaleyale yanasoma 14. Hakuna maji yaliyoongezwa usiku. Yalikuwamo.

Sasa uyafunge ya moto. Zile kilojuli 3,400 umezifungia ndani, na hazina njia ya haraka ya kutokea. Rundo la nafaka hupitisha joto polepole kama ubao, hivyo tumbo la gunia hubaki na moto siku kadhaa huku pande na mdomo vikipoa usiku wa kwanza tu. Hapo ndipo safari inapoanza. Joto la katikati linafukuza unyevu kutoka kwenye punje na kuufanya mvuke. Mvuke unapanda na hewa ya moto. Ukifika kwenye safu ya juu iliyopoa, unarudi kuwa maji. Unaporudi kuwa maji unaachia palepale nishati yote uliyoibeba, zilezile kilojuli 2,430 kwa kilo. Maji yamehama na joto limehama nayo, bila paa kuvuja na bila mvua kunyesha.

Msidhani ni maji mengi yanayohitajika. Kilojuli 3,400 zinatosha kugeuza lita 1.4 kuwa mvuke. Tuseme sehemu ya kumi tu ndiyo inayofanya kazi hiyo, yaani mililita 140, kikombe kidogo. Kikombe hicho kikitua kwenye kilo 3 za juu zilizokuwa na asilimia 13, zinafika karibu asilimia 17. Gunia zima ukilichanganya na kulipima bado linasoma 13, na kumbe mdomo wake unaoza.

Kwenye asilimia 17 na vuguvugu, punje inaamka na kuvu inaamka nayo. Zote mbili hupumua, na kupumua ni kuunguza sukari bila moto. Shambani jani lilipokea nishati ya jua, likaunganisha maji na kaboni dayoksaidi kuwa sukari; ghalani mambo yanageuka nyuma. Kila gramu 180 za glukosi zikiunguzwa na gramu 192 za oksijeni hutoa kaboni dayoksaidi gramu 264, maji gramu 108 na joto la kilojuli karibu 2,800. Tazameni vitu viwili hapo, maji na joto. Ndivyo vilevile vilivyoamsha kuvu. Kwa hiyo gunia likishaanza linajiendesha lenyewe, na kila siku linakwenda kasi kuliko jana. Uzito unaopungua ni wanga wako uliogeuka mvuke na hewa. Na miongoni mwa kuvu hizo wapo wanaotengeneza sumukuvu, ambayo chungu cha jikoni hakiiondoi.

Basi fanyeni hivi, na nawaomba mfuate saa kama nilivyoziandika.

Saa tisa alasiri yatoeni mahindi juani. Msingoje jua lizame, kwa sababu hewa ya alasiri bado ni kavu na ndiyo itakayobeba joto lake. Yatandazeni kivulini, chini ya paa penye upepo, kina kisichozidi sentimita 5. Nikisema 5 namaanisha 5, chukueni rula. Rundo la sentimita 15 kivulini ni gunia lisilo na kitambaa, litapoa juu na kuhifadhi moto chini. Geuzeni kila baada ya dakika 30, na mnapogeuza mleteni juu yale yaliyolalia sakafu.

Saa kumi na moja jioni pimeni. Jazeni ndoo ndogo kwa mahindi mliyoyachota sehemu tano tofauti, zamisheni kipimajoto katikati ya ndoo, kiacheni dakika 10 kamili, kisha msome kikiwa bado kimo ndani. Mkikitoa nje kwanza mnasoma hewa. Kipimajoto cha pili kining'inizwe kivulini muda uleule. Tofauti ya nafaka na hewa isizidi nyuzi 5. Mimi mwenyewe sifungi hadi ifike 3. Hapo hapo pimeni na unyevu, na kipimo hicho ndicho cha kuandika kwenye daftari. Kikizidi asilimia 13, kesho yanarudi juani, hakuna mjadala.

Ikifika saa kumi na mbili na tofauti bado ni kubwa, msifunge kwa kuogopa giza. Na msiyaache wazi pia. Hewa ya usiku hupoa na kujaa unyevu, na punje kavu huunywa. Tena inapounywa hupata joto kidogo, kwa sababu mvuke unaoshikwa na punje nao huachia nishati yake. Yaacheni ndani yakiwa yametandazwa vilevile, yafunikwe kwa magunia makavu yanayopitisha hewa. Turubai la plastiki usiku huo ni marufuku: mvuke utagonga plastiki iliyopoa na kuyadondokea mahindi kama matone. Asubuhi subirini umande ukauke, kama saa tatu, pimeni tena, mfunge kabla jua halijayagusa. Saa hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa kuwa mahindi yamelala usiku kucha, joto limetoka, na unyevu wa kiini umepata muda wa kusambaa sawasawa.

Wenye mifuko isiyopitisha hewa msikilize zaidi. Mfuko ule ni mzuri, unakatiza pumzi ya wadudu kwa kuwanyima oksijeni. Lakini haupitishi mvuke nje hata chembe. Gunia la kawaida lililofungwa la moto angalau hutoa jasho kupitia nyuzi zake, mfuko huu jasho lote linakurudia. Ndani ya siku mbili mnaona matone kwenye plastiki kwa macho. Kwa mifuko hii tofauti iwe nyuzi 3, na unyevu usipite 13.

Mkifanya sawa, baada ya wiki mdomo wa gunia na tumbo lake vitakuwa na ubaridi mmoja, basi.

Na wewe uliyekwisha kufunga jana yakiwa ya moto, usingoje mwisho wa mwezi uone. Fungua leo. Usichanganye. Kwanza kwangua safu ya juu, sentimita 20, uiweke peke yake, kwa sababu unyevu ulioanza kuhama umejikusanya hapo. Ukichanganya unaugawia gunia zima. Mengine yamwage kivulini uyapoze kwa utaratibu huohuo. Ile safu ya juu, kama haijanuka wala kubadilika rangi, irudishe juani asubuhi na uipime peke yake. Kama ukungu umeshaonekana, usioshe, usisage, usiwape kuku. Ifukie shimoni mbali na kisima, na gunia lililoishika usilirudishe ghalani.