Astigmatizimu: namba ya tatu kwenye karatasi ya miwani

Ukisimama Likoni usiku ukaona taa za feri zimechirizika, au matatu ikija huitofautishi 3 na 8 mpaka ufinye macho, huenda ni astigmatizimu. Konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, hutakiwa kuviringana kama mpira. Hapa imekaa kama mgongo wa kijiko: mpindo wa urefu ni mwingine, wa upana mwingine. Mwanga haukutani mahali pamoja, kwa hiyo ukungu hutokea mbali na karibu.

Miwani ya kuuzwa barabarani haiondoi tatizo hili hata ukijaribu meza nzima, kwani lenzi zake zina nguvu moja pande zote.

Kwenye vipimo, mashine hutoa makadirio tu. Baada yake daktari hugeuza kilenzi mbele ya jicho akiuliza, “Ya kwanza au ya pili?” Zikilingana, sema zimelingana. Usifinye macho, maana kufinya hunoa herufi kwa uongo. Mtoto huenda akatiwa matone, na kusoma kukamtatiza hadi siku nzima. Asipelekwe karibu na mtihani.

Karatasi husomeka hivi: −1.00 / −1.50 × 180. Ya kwanza ni nguvu ya kukusaidia kuona vya mbali. Ya pili ni silinda, nguvu ya kusawazisha astigmatizimu. Ya tatu ni mhimili, yaani silinda ielekee wapi, kuanzia digrii 1 hadi 180, na hapa ndipo kazi huharibika. Lenzi ikienda kombo digrii 10, thuluthi hivi ya faida ya silinda imepotea. Zikifika 30, imepotea yote. Fremu ya duara yenye skrubu iliyolegea huiacha lenzi izunguke yenyewe, kwa hiyo silinda ikiwa kubwa, chagua fremu yenye pembe.

Ukikabidhiwa miwani, ishike mbali na uso, tazama ukingo wa mlango kupitia lenzi moja, kisha izungushe kama usukani. Ukingo ukiinama, silinda imo. Usipoinama kabisa, mrudishie fundi.

Siku za mwanzo sakafu huonekana imeinama. Shuka ngazi polepole. Wiki mbili zikipita bila nafuu, rudi na karatasi, mhimili upimwe upya.

Lenzi za kuvaa jichoni zipo, na upasuaji wa jicho kwa leza pia, ila leza hungoja namba zitulie baada ya miaka 18. Mtoto anayesugua macho kila siku, na silinda yake inapanda kila akipimwa, aombewe kipimo cha ramani ya konea: huenda inachongoka, na kuiwahi ndiyo njia ya kuizuia isiendelee.